Asasi binafsi ikipokea ruzuku ya umma, tufunguliwe kabati zima au droo moja?

#1 Taa ya Chemli
Wakuu, salaam.

Asasi ya kiraia, hospitali ya dhehebu, chuo binafsi, hata kampuni: ikishachota fedha za kodi kwa jina la ruzuku, watu hudai "iweke kila kitu wazi". Kila kitu ndiyo nini? Mishahara ya watumishi wote? Mikataba na wauzaji? Na michango ya watu binafsi ambao hawakuomba kujulikana?

Msimamo wangu: fedha haina rangi. Ikishachanganyika na nyingine, hakuna anayeweza kukuonyesha ipi ni ya kodi na ipi ni ya sadaka. Kwa hiyo aliyepokea, hata kama ni kidogo, afungue kabati zima. Ukifunguliwa droo moja umeonyeshwa kile tu alichotaka ukione. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 Kifungu cha Tisa
Sheria zimefika mlangoni, ndani hazikuingia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya 2016 inazigusa taasisi binafsi zilizosajiliwa zinazotumia fedha za umma, au zenye taarifa yenye maslahi makubwa kwa umma. Ya Kenya, ya mwaka huo huo, inazigusa zinazopokea rasilimali za umma au kutoa huduma za umma. Nigeria (2011) na Ghana (2019) wameandika kwa mwelekeo huo huo.

Ukisoma maneno hayo unajua *nani* ameguswa. Ameguswa *mpaka wapi*, ndiyo mada yako. Asasi yenye bajeti ya bilioni iliyopewa ruzuku ya milioni kumi, je, ile bilioni nayo imekuwa ya umma? Wanasheria watakula hapo miaka.

#3 Mzee wa Vocha
Taa ya Chemli, "fedha haina rangi" ni maneno ya mtu asiyefungua leja. Rangi inapakwa, na inapakwa siku ya malipo, siyo mwisho wa mwaka.

Kila ruzuku inapewa msimbo wake kwenye mfumo wa hesabu. Akaunti ya benki ya peke yake inasaidia lakini siyo dawa. Watu hukopeshana kati ya akaunti na akaunti kila mwezi mishahara inapobana. Msimbo ndio roho. Hati ya malipo ibebe msimbo wa ruzuku, kifungu cha bajeti, namba ya hundi au ya muamala, na saini za aliyeandaa, aliyehakiki na aliyeidhinisha. Watu watatu, siyo mmoja mwenye kalamu tatu.

Halafu risiti inagongwa muhuri: IMELIPWA, RUZUKU NA. fulani, KIASI fulani, TAREHE fulani. Muhuri unagongwa kwenye risiti ya asili, siyo kwenye nakala. Ukigonga nakala, ile ya asili inabaki safi, kesho inatolewa nakala nyingine inapelekwa kwa mfadhili wa pili. Ankara moja ya mafuta, lita 200, inalipwa mara mbili, na kila faili lina kiambatisho kinachopendeza.

Ankara ikigawanywa, muhuri uonyeshe kila upande. Ankara ya 400,000: ruzuku ya kwanza 250,000, ya pili 150,000, zote mbili zimeandikwa kwenye karatasi ile ile. Hapo anayekagua droo moja anaona na kipande kilichokwenda droo ya pili. Kwa hiyo droo moja inatosha, ikiwa ilipangwa na mtu anayejua kazi.

#4 Senti Tano
Mzee wa Vocha umeshuka na muhuri na kidau cha wino 😂 Sasa zile risiti za mashine, karatasi laini, baada ya miezi sita ni nyeupe pee. Utakagua nini, harufu?

#5 Mzee wa Vocha
#4, cheka tu. Zile zinapigwa skani au nakala siku ile ile, nakala inabanwa pamoja na ya asili. Muhuri uende sehemu isiyo na maandishi. Na usibandike selotepu juu ya tarakimu, gundi inazila. Kumbuka nyaraka zinatakiwa kukaa: kwa ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, ni miaka 3 tangu taarifa ya mwisho ya fedha ipelekwe. Karatasi ya mashine haiwezi kusubiri muda huo.

#6 Bi Stakabadhi
Habari zenu. Mzee wa Vocha (#3) yuko sahihi kwa gharama za moja kwa moja. Mafuta, semina, dawa, hizo zina risiti na risiti ina muhuri. Ugonjwa hauko huko. Uko kwenye gharama za pamoja: pango, umeme, mhasibu, mlinzi, gari la ofisi. Hizo hazina droo.

Angalieni hesabu hii. Asasi ina ruzuku tatu, pango la mwaka ni milioni 12.

Ruzuku A inasema pango ligawanywe kwa idadi ya watumishi. Mradi A una watu 5 kati ya 10. Inalipa milioni 6.

Ruzuku B inakubali mgawanyo kwa eneo la sakafu. Mradi B umekalia asilimia 40 ya ofisi, maana una stoo. Inalipa milioni 4.8.

Ruzuku C inagawa kwa uzito wa bajeti. C ni milioni 20 kati ya jumla ya milioni 100. Inalipa milioni 2.4.

Jumlisheni. 13.2. Pango la milioni 12 limelipwa kwa asilimia 110, na hakuna aliyeghushi kitu. Ripoti ya A ni sahihi, ya B ni sahihi, ya C ni sahihi. Mkaguzi wa kila mfadhili akija peke yake anaondoka ameridhika. Ile 1.2 inayobaki haionekani mpaka mtu aweke ripoti tatu kwenye meza moja.

#7 Taa ya Chemli
Si ndiyo ninachosema! Kabati zima. Ahsante Bi Stakabadhi.

#8 Bi Stakabadhi
Usishangilie mapema. Sikusema kabati zima. Kinachotakiwa hapo ni ukurasa *mmoja*: jedwali la mgawanyo wa gharama za pamoja. Safu za kushuka ni vyanzo vyote vya fedha, hata kile cha michango binafsi (kiandikwe "vyanzo vingine", bila majina). Mistari ni pango, umeme, gari, utawala. Kila mstari uonyeshe kigezo kimoja cha mgawanyo kwa wote, na mwisho wake usomeke 100. Siyo 96, siyo 110. Mfadhili akikataa kigezo hicho, tofauti inabaki kwa asasi yenyewe, haihamishiwi kwa jirani.

Na mishahara iingie humo humo. Mratibu anayelipwa asilimia 60 na mradi huu, 50 na ule, na 20 na wa tatu ni mtu wa asilimia 130. Taimushiti zake ukizitazama moja moja ni nzuri mno. Dalili yake ni moja: saa zinalingana kila wiki, 24, 24, 24, wino ule ule, saini za mwezi mzima zimewekwa kikao kimoja.

#9 Daftari Kuu
Marekani walilitatua hilo la gharama za pamoja kwa kutumia kiwango bapa. Asiyekuwa na kiwango alichokubaliana na serikali anachukua asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, haulizwi mchanganuo. Na uwazi wao unatokana na sheria ya 2006, ile iliyoleta tovuti ya USAspending: kila ruzuku inaingia mtandaoni, na mpokeaji akimgawia mwingine dola 25,000 na zaidi, naye anatajwa. Anayetumia dola 750,000 za serikali kuu kwa mwaka anafanyiwa ukaguzi maalumu na ripoti inawekwa hadharani.

#10 Kalamu Nyekundu
Daftari Kuu, tarakimu zako ni za kanuni iliyokwisha muda. Kiwango bapa ni hadi asilimia 15 tangu marekebisho ya 2024, na kinakokotolewa juu ya gharama za moja kwa moja *zilizorekebishwa*: unaondoa vifaa vikubwa, pango, na sehemu ya ruzuku ndogo (ile unayomgawia mwingine) inayozidi dola 50,000 za mwanzo. Kuwataja uliowagawia ni kuanzia dola 30,000. Ukaguzi ni dola 1,000,000, kwa miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 1, 2024 na baadaye. Iliyoanza kabla ya hapo bado ni 750,000.

Ripoti inatakiwa ndani ya siku 30 tangu mkaguzi aikabidhi, au miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kuisha, kinachotangulia. Wengi wanashika ile miezi 9 na kusahau siku 30.

#11 Daftari Kuu
Nimepokea, mkuu. Hoja inabaki.

#12 Asali Chungu
Mnajadili kama kila mpokeaji ana idara ya fedha. Asasi ya watumishi wanne ikipata ruzuku ndogo, mkitaka jedwali, ukaguzi, tovuti, fomu za robo mwaka, mhasibu atakula ruzuku kuliko walengwa. Na huyo huyo Marekani, aliye chini ya kiwango cha ukaguzi akiamua kukaguliwa mwenyewe, gharama ya ukaguzi huo hairuhusiwi kulipwa na ruzuku. Kwa hiyo mdogo anaambiwa awe wazi kwa fedha zake za mfukoni.

Matokeo mnayaona: wadogo wanaacha kuomba, wakubwa watano wanachukua zote halafu wanawagawia wale wadogo kama vibarua. Uwazi umeongezeka kwenye karatasi, na fedha imeenda mbali zaidi na macho.

#13 Kifungu cha Tisa
Ndiyo maana kuna ngazi. Ufaransa chama kikipata ruzuku ya zaidi ya euro 23,000 kwa mwaka kutoka mamlaka moja, lazima kuwe na mkataba wa maandishi unaotaja lengo, kiasi na masharti. Ruzuku zikizidi euro 153,000 kwa mwaka, lazima awepo mkaguzi wa hesabu na hesabu zichapishwe. Na ruzuku ikiwa ya matumizi maalumu, taarifa ya matumizi ipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mwaka wake wa fedha uishe. Mdogo haguswi na mzigo wa mkubwa.

#14 Senti Tano
Ngazi nazo zina wapandaji wake. Kiwango kikiwa 30,000 utaona ruzuku ndogo za 29,500 zimejipanga kama wanafunzi mstarini.

#15 Mzee wa Vocha
#14 kasema kwa utani lakini hilo ndilo la kutafuta kwanza. Panga malipo yote kwa ukubwa, tazama yaliyokaa ndani ya asilimia 5 chini ya kiwango. Kisha panga kwa mpokeaji na tarehe: huyo huyo mara tatu ndani ya siku 60? Malipo yamegawanywa. Eksel na dakika kumi. Ila lazima uwe na orodha ya malipo, siyo jumla. Jumla haisemi kitu.

#16 Kalamu Nyekundu
Kugawanya ni mbinu ya wavivu. Mbinu ya waliosoma ni kubadilisha *jina* la mpokeaji. Aliyepewa sehemu ya kazi ya ruzuku ni mshirika mtekelezaji. Yeye anabeba masharti yote na anatajwa. Aliyeuza bidhaa au huduma ni mzabuni, masharti hayamfuati. Sasa mwite mshirika wako "mshauri elekezi", mpe mkataba wa huduma, na ametoweka kwenye taarifa.

Kichwa cha mkataba hakina maana, tazama kazi. Je, yeye ndiye anayeamua nani anufaike? Utendaji wake unapimwa kwa malengo ya programu? Ana uamuzi wake ndani ya mradi? Huyo ni mshirika hata umwite fundi bomba. Je, anauza kitu hicho hicho kwa wateja wengi, kwa ushindani, kama biashara yake ya kila siku? Huyo ni mzabuni.

Halafu, Daftari Kuu, ule mfumo wa Marekani unaousifu unataja ngazi ya kwanza tu ya aliyegawiwa. Wa kwanza akimgawia wa pili, giza. Asali Chungu #12 ana haki hapo: fedha inayopita mikono mitatu inaonekana kwenye mkono mmoja.

#17 Jicho la Tatu
Wadau, mbona mnazunguka? Asasi inakaguliwa, ina hati safi, inaweka hesabu zilizokaguliwa kwenye tovuti. Kipi kimebaki?

#18 Kalamu Nyekundu
Karibu kila kitu kimebaki.

Hati safi inasema hesabu za taasisi *nzima* zinaonyesha hali halisi bila kosa *kubwa*. Kubwa ni kiasi gani? Mkaguzi anaweka kiwango chake, na kuanzia asilimia 1 au 2 ya matumizi yote ni jambo la kawaida. Asasi yenye matumizi ya milioni 900, kwa asilimia 2, kiwango ni milioni 18. Ruzuku ya umma ni milioni 15. Ruzuku *yote* imelala chini ya kiwango. Inaweza kupotea yote na hati ikabaki safi, na mkaguzi akawa hajakosea kwa kipimo cha ukaguzi huo.

Usiombe hati. Omba barua ya mkaguzi kwa uongozi. Humo ndimo kuna "masurufu hayakurejeshwa kwa miezi 7", "hakuna nukuu tatu za bei", "daftari la mali halilingani na mali zilizopo". Barua hiyo haibandikwi kwenye tovuti, na ukiona imebandikwa ujue asasi hiyo haina hofu.

#19 Taa ya Chemli
Sasa Kalamu Nyekundu umenirudisha kwenye kabati. Barua ya uongozi inahusu asasi nzima, siyo ruzuku peke yake.

#20 Kalamu Nyekundu
Ndiyo, na hapo nakubaliana nawe nusu. Tena kuna njia nyingine ambayo Kenya wameiweka kwenye Katiba yao, ibara ya 229: Mkaguzi Mkuu *anaweza* kukagua hesabu za chombo chochote kinachopata fedha za umma, na ripoti ithibitishe kama fedha zilitumika kihalali na kwa tija. Hapo Katiba haizungumzii kabati la kuwaonyesha watu wote; mtu mmoja mwenye kiapo anaingia kabatini, na sisi tunasoma ripoti.

#21 Kifungu cha Tisa
Lakini neno ni "anaweza". Asipoamua, hujui.

#22 Nyuki wa Data
Naingilia kutoka upande mwingine. Mnagombania kiasi cha kufungua, wakati hata kinachofunguliwa leo hakisomeki. PDF ya skani, imepinda, kurasa 84, jedwali limekatwa ukingoni. Huwezi kutafuta jina, huwezi kujumlisha safu.

Kuna kipimo cha Uingereza, 360Giving, kinataka sehemu 10 tu kwa kila ruzuku: kitambulisho cha ruzuku, jina lake, maelezo, sarafu, kiasi kilichoidhinishwa, tarehe ya kuidhinishwa, kitambulisho na jina la mpokeaji, kitambulisho na jina la mtoaji. Mstari mmoja wa Eksel. Uzito uko kwenye *kitambulisho cha mpokeaji*: namba ya usajili yenye kiambishi cha rejista iliyotoka. Bila hiyo, "Umoja wa Vijana", "Umoja Vijana" na "UMOJA WA VIJANA (CBO)" ni wapokeaji watatu, au mmoja, nani ajue. Ule mchezo wa asilimia 110 wa Bi Stakabadhi ungeonekana kama watoaji watatu wangeandika namba moja ya mpokeaji.

#23 Bi Stakabadhi
Nyuki wa Data, hapana. Sehemu zako 10 zinaonyesha kiasi *kilichoidhinishwa*. Asilimia 110 imo kwenye *matumizi*. Ungejua tu kwamba ruzuku ni tatu, hilo basi.

#24 Nyuki wa Data
Kujua kwamba ni tatu ni mwanzo wa kuuliza jedwali lako, Bi. Mfadhili A leo hajui kama B yupo.

#25 Asali Chungu
Hapo ndipo penyewe! Kosa la asilimia 110 ni la wafadhili. Watatu wamekuja na vigezo vitatu vya pango, wameandika wao wenyewe kwenye mikataba, halafu mpokeaji ndiye mwizi. Wajibu wa kutangaza uwe kwa anayetoa fedha. Yeye ana wafanyakazi, ana tovuti, ana mkataba. Umoja wa Ulaya hufanya hivyo: Tume yenyewe inachapisha majina ya waliopewa na kiasi, ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata. Mpokeaji hajazi tovuti yoyote.

#26 Kifungu cha Tisa
Na wao walishateleza kwenye kutangaza kupita kiasi. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha uchapishaji wa majina ya wakulima, watu binafsi, waliopata fedha za kilimo, kwa sababu ulikuwa wa jumla mno, haukutofautisha muda, mara ngapi, wala aina ya msaada. Sheria iliporudi 2013 ikaja na kiwango: anayepata euro 1,250 au chini yake kwa mwaka hatajwi jina. Vyama na kampuni hazikupata nafuu hiyo mahakamani; ni watu.

Nimelileta kwa ajili ya Taa ya Chemli na "mishahara ya watumishi wote". Cheo na ngazi ya mshahara vinatosha kwa wengi. Wakubwa watajwe. Marekani wanataja viongozi watano wanaolipwa zaidi, pale ambapo asilimia 80 au zaidi ya mapato ya taasisi ni ya serikali kuu *na* yanafika dola milioni 25, na taarifa hiyo haipo hadharani tayari.

#27 Bi Stakabadhi
Ongeza na anwani. Nyumba ya hifadhi kwa waliokimbia ukatili inapokea ruzuku. Ukichapisha mtaa na namba ya jengo umewapa ramani wale waliokimbiwa. Andika wilaya, ishia hapo.

#28 Jicho la Tatu
Mimi bado ni mwananchi wa kawaida. Nikitaka kujua, naandika barua gani?

#29 Mzee wa Vocha
Swali zuri kuliko yote. Usiandike "naomba hesabu zote". Utajibiwa kwamba ombi ni pana mno, na aliyekujibu atakuwa na haki. Omba nyaraka kwa majina yake: (1) mkataba wa ruzuku pamoja na viambatisho, (2) bajeti iliyoidhinishwa *na kila marekebisho yake*, (3) taarifa ya mwisho ya fedha inayolinganisha bajeti na matumizi, (4) jedwali la mgawanyo wa gharama za pamoja, (5) daftari la mali zilizonunuliwa kwa ruzuku.

Marekebisho ya bajeti ndiyo watu husahau. Taarifa ya mwisho siku zote inalingana na bajeti, kwa sababu ni bajeti ya *mwisho*. Weka ya kwanza kando ya ya mwisho uone chanjo ilipungua nini na "safari za ufuatiliaji" zilinenepa kwa kiasi gani.

Kingine: omba nyaraka hizo hizo pande mbili, kwa mtoaji na kwa mpokeaji, siku moja. Zikirudi tofauti, usilalamike kwanza, uliza tarehe ya kila moja.

#30 Kifungu cha Tisa
Muda wa kujibiwa: Tanzania ni siku 30, Kenya siku 21 (saa 48 kama inahusu uhai au uhuru wa mtu), Nigeria siku 7. Tanzania na Kenya haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo weka uthibitisho wa uraia, usiwape sababu ya kukurudishia. Kenya ukinyimwa unakwenda Tume ya Haki ya Utawala.

#31 Senti Tano
Na mstari wa "mengineyo" uliobeba asilimia 22 ya bajeti, huo unaombwa kwa jina gani? Mheshimiwa Mengineyo?

#32 Bi Stakabadhi
#31 😂 Unaombwa kwa msimbo wake kwenye leja: "mchanganuo wa miamala ya msimbo fulani, kuanzia tarehe hii hadi hii". Ukizidi asilimia 5 ya bajeti, mstari huo haukuwa mengineyo tangu mwanzo, ulikuwa ni kitu chenye jina.

#33 Taa ya Chemli
Naona kabati langu linapungua ubavu, lakini sijaliacha. Niulize moja. Jedwali la Bi Stakabadhi linahesabu fedha. Kuna ruzuku isiyo fedha: kiwanja cha serikali kwa bei ya bure, jengo, watumishi wa serikali walioazimwa hospitali ya dhehebu wakilipwa na hazina. Asasi inasema "hatujapokea ruzuku" na leja inamuunga mkono.

#34 Kifungu cha Tisa
India wamelijibu kwa sehemu. Sheria yao ya 2005 inazigusa asasi *zinazofadhiliwa kwa kiasi kikubwa* na serikali, na Septemba 2019 Mahakama ya Juu ilisema "kiasi kikubwa" si lazima kizidi nusu, na kwamba ardhi iliyotolewa bure au kwa punguzo kubwa inaweza kuhesabika kuwa ufadhili. Kwa hiyo kiwanja kinaingia.

#35 Mzee wa Vocha
Kinaingia kwa thamani ipi? Ya siku kilipotolewa, au ya leo? Kiwanja kilichotolewa pori, leo kimezungukwa na maghorofa. Kwa thamani ya kwanza asasi iko chini ya kila kiwango kilichotajwa humu. Kwa ya leo ndiyo mpokeaji mkubwa kuliko wote.

#36 Bi Stakabadhi
Kwa jedwali, mimi ningeweka pango ambalo ingelipa kila mwaka kama ingepanga mahali pale. Mishahara ya walioazimwa iwekwe kama ilivyo kwenye orodha ya malipo ya hazina.

#37 Asali Chungu
Na pango hilo analikadiria nani, Bi? Mthamini wa asasi au mthamini wa serikali?